Kabla ya kufukia shimo la matangi ya mafuta: udongo upimweje?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua kiwanja Uyole, Mbeya, ambacho zamani kilikuwa kituo cha mafuta. Matangi matatu ya chini ya ardhi, la petroli, la dizeli na la mafuta ya taa, yameng'olewa wiki tatu zilizopita na shimo bado liko wazi. Mkandarasi anasema udongo ni msafi kwa sababu hausikiki harufu, na anataka kufukia kabla mvua za Novemba hazijaanza. Nakusudia kujenga nyumba ya wageni na kuchimba kisima kirefu. Jirani wa upande wa chini naye ana kisima cha kienyeji. Rafiki yangu amenishauri nipeleke udongo kidogo maabara. Je, niuchukue wapi, nichukue sampuli ngapi, na nipime nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lililo la haraka: usiruhusu shimo lifukiwe kwanza, hata kama mkandarasi atalalamika kwamba kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kinalipiwa kwa siku. Shimo likiwa wazi, mahali palipokuwa chini ya tangi panaonekana na panafikika. Likishafukiwa, kila swali la baadaye litajibiwa kwa kuchoronga, na kuchoronga ni ghali kuliko kuchota sampuli leo.

Rafiki yako amekushauri vyema, lakini udongo kidogo uliochotwa popote na kutiwa kwenye mfuko wa nailoni unaweza kukudhuru kuliko kutopima kabisa, kwa sababu makosa ya uchukuaji wa sampuli za petroli karibu yote huelemea upande mmoja. Kemikali zinazotutia hofu zaidi ni zile zinazoruka hewani upesi, na ya kwanza ni benzini, ambayo ni kiambato kimojawapo tu cha petroli na imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ukichelewa kufunga chupa, benzini inapotea. Ukiukoroga udongo kwenye beseni ili uchanganyike, inapotea. Ukiacha nafasi ya hewa ndani ya chupa au ukaiweka juani, inapotea vilevile, na maabara itapima kwa uaminifu kile kilichobaki na kukuandikia cheti kwamba ardhi ni safi. Ndiyo maana mimi nikipewa cheti chenye matokeo mazuri, huuliza kwanza sampuli zilichukuliwaje, na nani, na kutoka wapi, kabla ya kutazama tarakimu.

Kuhusu harufu, hoja ya mkandarasi haina uzito. Pua huzoea mafuta baada ya muda mfupi, na mtu aliyeshinda shimoni siku nzima ndiye wa mwisho kuulizwa kama kuna harufu. Isitoshe, shimo lako limekaa wazi wiki tatu za kiangazi. Ngozi ya juu ya udongo imekwisha kupigwa na jua na upepo, na inaweza kukosa harufu kabisa huku sentimita 30 ndani hali ikiwa nyingine. Kwa hiyo sharti la kwanza kwa shimo lako ni kukwangua udongo huo wa nje, angalau sentimita 30, na kuchota kwenye udongo mbichi uliofunuliwa dakika ileile.

Sasa, wapi? Kanuni za Marekani za mwaka 1988 kuhusu matangi ya chini ya ardhi zinamtaka mmiliki anayefunga kituo apime mahali ambapo uchafuzi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapo, na naona huo ndio mwongozo bora hata kwetu. Chini ya kila tangi chota sampuli mbili, moja kila mwisho, na mojawapo iwe upande ule uliokuwa na bomba la kujazia. Hapo pana sababu ambayo wengi hawaijui. Miaka yote ya kituo, kijiti cha kupimia kina cha mafuta hushushwa kupitia bomba hilo na kugonga sakafu ya tangi mahali palepale, asubuhi na jioni. Kila pigo hukwangua utando wa kutu unaokinga chuma, kutu mpya inakula tena, na mwishowe hutokea tundu dogo la mviringo wima chini ya bomba. Kama matangi yako bado hayajauzwa chuma chakavu, yageuze tumbo juu, uyasafishe na uyapige picha. Tundu ukiliona, utajua hasa pa kuchota.

Usichote mchanga. Matangi hulazwa juu ya tandiko la mchanga, nao ndio unaochoteka kwa urahisi, lakini haushiki mafuta kwa muda mrefu, kwani hupenya na kwenda zake. Teremka mpaka udongo wa asili, kisha uingie kama sentimita 60 zaidi, ndipo uchote.

Hapa lazima niseme kuhusu udongo wa Uyole, kwa sababu miongozo mingi iliandikwa na watu wenye udongo wa aina nyingine. Chini ya udongo wenu mweusi mara nyingi kuna matabaka ya volkano yanayopishana: changarawe nyepesi iliyojaa vitundu, ile ambayo kipande chake kikavu huelea majini, na juu yake au chini yake majivu laini yaliyoshindiliwa. Mafuta yakivuja hupita kwenye changarawe hiyo upesi sana, yakifika kwenye majivu laini hukwama, na badala ya kuendelea kushuka huanza kutambaa kando, kufuata mteremko wa tabaka. Hivyo inawezekana sampuli ya sentimita 60 chini ya tangi ikawa safi kabisa, na mafuta yako mita mbili pembeni, yamelala juu ya tabaka la majivu kuelekea kwa jirani. Zitazame kuta za shimo kabla ya kuchota. Mahali changarawe inapokutana na majivu, hasa ukuta wa upande wa mteremko, chota pale pale kwenye mpaka, hata kama kina chake hakilingani na kile cha sampuli nyingine. Kwa jumla weka sampuli moja kila ukuta, na ukuta wa chini uupe mbili.

Wenzako wa Iringa na Mafinga, kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi, wana nafuu moja ambayo wewe huna: mafuta yakikaa humo muda mrefu hunyima udongo hewa, na wekundu wa chuma hugeuka kijivu au kijani kibichi, hivyo michirizi huonekana kwa macho. Majivu yenu tayari ni ya kijivu, kwa hiyo macho hayatakusaidia sana.

Kuna sehemu moja ambayo wakandarasi huisahau, na mara nyingi ndiyo yenye taabu kubwa: mabomba. Tangi ni chombo kimoja kikubwa, lakini mabomba yana maungio mengi, na maungio hulegea ardhi inapotikisika na malori yanapopita juu. Miongozo ya California hutaka sampuli moja kila futi 20, yaani takribani mita 6, kando ya mtaro wa mabomba. Mimi ningeongeza moja kwenye kila kona na kila ungio linaloonekana limelowa. Chini ya kila pampu chota moja pia, na nyingine mahali lori la mafuta lilipokuwa likisimama kujaza, kwa kuwa hapo umwagikaji mdogo mdogo wa miaka huweza kuzidi uvujaji wa tangi. Kama mkandarasi aliacha mabomba ardhini akang'oa matangi peke yake, kazi yake haijaisha, na malipo yake ya mwisho yasubiri.

Ongeza sampuli moja ya kulinganishia, kutoka kona ya kiwanja iliyo upande wa juu, mbali na shughuli zote, kwa kina kilekile na, ikiwezekana, kutoka tabaka la aina ileile. Usiibanie, maana bila hiyo huenda matokeo yako ya dizeli yasisomeke. Nitaeleza sababu mbele. Ongeza na sampuli pacha moja, uipe jina tofauti bila kuiambia maabara, ili uone kama tarakimu mbili za udongo uleule zinakaribiana. Kwa matangi matatu, pampu mbili na mtaro wa mita 15 hivi, utajikuta na sampuli kati ya 18 na 20. Fedha ikiwa haba, chota zote siku ileile, kisha iambie maabara ipime kwanza zile za chini ya matangi, za pampu na ukuta wa upande wa chini, na zilizobaki izihifadhi kwenye baridi ikisubiri neno lako ndani ya muda unaoruhusiwa.

Tafadhali, mtu asiingie shimoni. Kuta za majivu na changarawe huporomoka bila kutoa dalili, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini na kusubiri cheche au mtu wa kuuvuta. Mwendesha kijiko achote udongo mahali unapomwelekeza, aupandishe juu, na wewe uchukue sampuli katikati ya ndoo ya kijiko, kwenye bonge ambalo halikugusa chuma. Kijiko kizimwe wakati unachota. Jenereta na dumu la petroli vikae mbali, upande ambao upepo hautaleta moshi wala mvuke kwenu, kwa kuwa hilo ni mojawapo ya makosa machache yanayoweza kuifanya ardhi safi ionekane chafu.

Namna ya kuchota ni hii. Nunua duka la dawa mabomba ya sindano ya mililita 10, ukate ncha yake nyembamba kwa kisu kikali hadi mdomo uwe mpana sawa na bomba lenyewe, na kila sampuli iwe na bomba lake jipya. Kwangua uso wa bonge, na papo hapo sukuma bomba ndani ya udongo mbichi mpaka lishike kama gramu 5. Usukume udongo huo moja kwa moja ndani ya kichupa cha kioo ambacho maabara imekitia methanoli na kukipima uzito kabla ya kukupa. Futa nyuzi za mdomo wa kichupa kwa kitambaa safi kabla ya kufunga, maana chembe moja ya mchanga ikibaki kwenye nyuzi, kifuniko hakikazi na mvuke hutoka njiani bila mtu kujua. Kazi hii, tangu udongo kufunuliwa hadi kifuniko kukazwa, ihesabiwe kwa sekunde. Methanoli inayakamata mafuta mepesi yasiruke. Ni sumu na hushika moto, kwa hiyo vaa glavu na usiishike ovyo. Mahali penye changarawe nene isiyoingia kwenye bomba, omba maabara ikupe kichupa chenye mdomo mpana na methanoli zaidi, udumbukize punje zenyewe kwa kijiko cha chuma cha pua. Kando ya kila kichupa, jaza chupa ya pili ya kioo isiyo na methanoli, uijaze pomoni, kwa ajili ya vipimo vya dizeli, madini ya risasi na unyevu. Usichanganye udongo wa sehemu mbili ili kuokoa gharama ya kipimo. Kwa petroli, kuchanganya ni kuipeperusha.

Kila chupa iandikwe namba, kina, saa na jina la mchotaji. Mahali pake papimwe kwa futi kutoka alama mbili zisizohama, kama kona ya ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, na ramani ichorwe hapo hapo. Fomu ya makabidhiano iandamane na sanduku, ikisainiwa na kila mtu anayelipokea. Ningependa mchotaji awe mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, au mtu wa maabara yenyewe. Mkandarasi anayetaka kufukia hafai kazi hii, kwa maana matokeo mabaya yanamwongezea kazi.

Kabla ya kuchimba chochote, tafuta maabara. Watu wengi wa Uyole wakisikia kupima udongo hufikiria kwanza vipimo vya kilimo, yaani tindikali, naitrojeni na fosforasi, na hivyo havitakuambia lolote kuhusu petroli. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya, anzia hapo kuuliza. Popote utakapoelekezwa, uliza maswali mawili: je, wanapima mafuta mepesi kwa mashine ya gesi kromatografia, na je, wana ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa kipimo hicho mahsusi? Maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji ya kunywa na isiwe nayo ya mafuta kwenye udongo. Kama sampuli zitapelekwa Dar es Salaam, njia ni zaidi ya kilomita 800. Ziende kwa gari, ndani ya sanduku la barafu lenye nyuzijoto kama 4, na zisitupwe kwenye buti la basi, kwa kuwa methanoli si mzigo wa abiria. Vichupa vya methanoli vipimwe ndani ya siku 14. Udongo wa petroli usiotiwa methanoli hupewa saa 48 tu, na hata hizo ukiwa umefungwa kwenye chombo maalumu kisichopitisha hewa. Weka na kichupa kimoja cha methanoli kisichotiwa udongo, kisafiri na vingine kwenda na kurudi. Kikikutwa na petroli, utajua imeingia njiani.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Kwenye tangi la petroli na mabomba yake, omba benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, pamoja na jumla ya mafuta ya kundi jepesi. Kwenye dizeli na mafuta ya taa, omba jumla ya mafuta ya kundi zito na naftalini, lakini usiiache benzini, kwani katika miaka mingi tangi huweza kubadilishwa matumizi na karatasi zisiseme. Kama kituo kilikuwapo kabla ya mwaka 2006, ongeza madini ya risasi, kwa sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliondoa petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka huo, na risasi iliyovuja zamani haiozi wala hairuki.

Matokeo yakirudi, tazama kwanza kama yameandikwa kwa uzito mkavu au uzito mbichi. Udongo wa majivu ya volkano hushika maji mengi ajabu. Sampuli ambayo asilimia 40 ya uzito wake ni maji, ikisomeka miligramu 60 kwa kilo kwa uzito mbichi, kwa uzito mkavu ni miligramu 100. Viwango vya kulinganishia huwa vya uzito mkavu, na mtu asiyejua hili hujipunguzia uchafu karibu nusu kwa kalamu.

Jambo la pili ni mboji. Udongo wenu mweusi una mboji nyingi, na asidi zake za mimea huweza kusomwa na mashine kana kwamba ni dizeli au mafuta mazito. Ndipo sampuli ya kulinganishia inapolipa gharama yake: ikiwa kona safi ya kiwanja nayo inasoma miligramu mia kadhaa, basi sehemu ya tarakimu zako ni mboji, na uiombe maabara isafishe kimiminiko cha sampuli kwa silika jeli kisha ipime upya. Benzini haina kisingizio hicho. Ikionekana, ni ya mafuta.

Kwa viwango, Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, hapo Mbeya ndiyo itakayokuambia tarakimu ipi inatumika kwa kiwanja kinachogeuzwa makazi. Utakutana pia na washauri wanaotumia viwango vya Uholanzi, yaani miligramu 5,000 kwa kilo kwa mafuta ya madini na 1.1 kwa benzini. Hizo ni tarakimu za kuingilia kati, maana yake ukizivuka hali ni mbaya na hatua haina budi kuchukuliwa, tena zimekadiriwa kwa udongo wenye mboji asilimia 10 na mfinyanzi asilimia 25. Mtu akikuonyesha miligramu 4,800 na kukuambia umefaulu, mshukuru na utafute mshauri mwingine.

Kisima cha jirani kipimwe sasa, bila kusubiri majibu ya udongo, na umwambie mwenyewe kwa nini unapima. Kigezo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukigundua. Chako usikichimbe, wala usiombe kibali ofisi ya bonde la maji, mpaka ujue petroli imefika wapi, na hata udongo ukiwa safi kiweke upande wa juu wa shimo la zamani. Nyumba ya wageni nayo ina hatari yake: mvuke hupanda kirahisi kupitia changarawe yenye vitundu na kujikusanya vyumbani, kwa hiyo kama petroli itapatikana kwenye kuta za shimo, badilisha mchoro ili eneo hilo liwe maegesho ya wazi. Sampuli yoyote ikionyesha uvujaji, toa taarifa NEMC, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, pia iwapo leseni ya kituo haijafungwa rasmi. Soma tena mkataba wako wa mauziano, kwa sababu sheria yetu inamtwisha mchafuzi gharama za usafishaji, nawe ungependa ijulikane mapema kwamba mchafuzi si wewe.

Kuna jambo la mvua na lile lundo la kifusi lililoko pembeni ya shimo. Kifusi kisirudishwe shimoni na kisigawiwe kwa wafyatua matofali au wenye mashamba ya viazi, hata wakikiomba kwa wema. Kilaze juu ya turubai nene, ukifunike kwa jingine, ukichimbie mfereji wa kuzuia maji yanayotiririka, na kila mita za ujazo 35 hadi 40 zitolewe sampuli zake. Kama ni cha dizeli, mara nyingi hutibika hapo hapo kwa kugeuzwa geuzwa, kupewa hewa, unyevu na mbolea, mradi NEMC iridhie. Ikiwa sampuli zimekwisha kuchotwa, majibu hayajafika na mvua imekaribia kabisa, tandika karatasi nene ya plastiki kwenye sakafu na kuta zote za shimo, kisha ufukie kwa udongo safi ulioletwa kutoka nje bila kuushindilia sana. Majibu yakiwa mabaya, kijiko kitafukua mpaka plastiki, na kila mtu ataona udongo mgeni umeishia wapi na wa zamani umeanzia wapi.